"Zimeshiba" si jibu

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kawetele, mvua ya Tukuyu haikati, mtoto wa mjomba akaniletea daftari lake la kemia. Swali: kwa nini heliamu na wenzake hawaungani na elementi nyingine? Jibu lake: zimeshiba, tabaka la nje limejaa elektroni. Kapewa vema.

Mimi ningempa nusu. Tabaka kweli limejaa, ila kushiba si sababu. Hebu tumwulize zenoni. Nayo ina elektroni 8 nje, imeshiba sawa na neoni. Lakini mwaka 1962 Neil Bartlett, kule Kanada, aliichanganya na mvuke mwekundu wa heksafloridi ya platinamu, akapata kigumu cha manjano. Wala hakubahatisha. Alishaona mvuke huohuo ukiinyang'anya molekuli ya oksijeni elektroni moja, kazi inayogharimu kilojuli 1175 hivi kwa moli. Akatazama jedwali: zenoni ni 1170. Kama oksijeni ilikubali, zenoni ingekataaje?

"Zimeshiba" inakwama hapo kwa sababu haina bei. Kuungana ni hesabu ya nishati: unatoa kiasi gani kuisumbua atomu, na muungano unakurudishia kiasi gani. Elektroni 2 za heliamu ziko karibu kabisa na kiini. Kung'oa moja ni kilojuli 2372, na hakuna wa kulipa deni hilo. Ukitaka kuiongezea ya tatu, italazimika kukaa tabaka la juu, ambako kiini hakiishiki. Zenoni ni kubwa, elektroni zake za nje ziko mbali, bei imeshuka, na florini ni mlipaji mzuri. Kwetu hapa mgeni akisema ameshiba bado anatengewa mbalaga, na anakula.

Majina nayo yana makosa. Eti "gesi adimu", wakati argoni ni karibu asilimia 0.93 ya hewa, zaidi ya mara 20 ya kaboni dioksidi! "Gesi bwete" ni afadhali, ingawa mtu atadhani hazina kazi.

Kazi zinayo, tena hapa Rungwe. Kaboni dioksidi ikipanda kutoka ardhini, njiani inaweza kunaswa na maji na miamba ikabaki kama kalisi kabonati. Heliamu haishikani na yeyote. Hata ikibanwa ndani ya fuwele za lava, inabaki vilevile ilivyokuja. Ndiyo maana watafiti waliopima lava za Rungwe, katika matokeo ya mwaka 2011, walikuta uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 ukifika mara 15 ya ule wa hewani, dalili ya kitu kinachopanda kutoka kina kirefu sana cha dunia. Na ile heliamu ya Rukwa iliyotangazwa mwaka 2016? Imezaliwa na urani na thori kwenye miamba ya kale, ikakaa peke yake miaka yote hiyo.

Dogo akauliza: na argoni je? Nikamwambia Helsinki, mwaka 2000, waliiunganisha na hidrojeni na florini, lakini kwenye baridi ya chini ya nyuzi -250. Akafuta "haziungani", akaandika "ni ghali kuziunganisha". Mwalimu wake atampa ngapi, tusubiri shule zifunguliwe.