Stara, Hiari na Jibu la Mshairi: Kuisoma Diwani ya Mohja Kahf

Mwanamke wa Kiislamu anayejitanda ushungi katika nchi za Magharibi ameandikwa sana, ila aghalabu mwenye kalamu huwa si yeye. Mawaziri wameandika sheria, wahariri wameandika shutuma, na masheikh nao hawakubaki nyuma kwa mawaidha. Diwani ya Mohja Kahf iitwayo E-mails from Scheherazad, iliyochapishwa Marekani mwaka 2003, inatupa fursa ya kumsikia mwenyewe akisema, tena kwa lugha ya mashairi. Nimeirudia mara kadhaa, na kila nikiirudia huzidi kuona kwamba mashairi yake yanayotajwa zaidi siyo yaliyo bora. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Kahf alizaliwa Damascus mwaka 1967, akachukuliwa na wazazi wake Marekani angali mtoto mdogo, akakulia Indiana, na baadaye akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Arkansas. Kabla ya diwani hii alikwisha kuandika kitabu cha kitaalamu, mwaka 1999, kuhusu namna mwanamke wa Kiislamu alivyochorwa na fasihi ya Magharibi tangu zama za kati: mara jitu jike lenye makelele, mara suria aliyelala juu ya mito akisubiri kuokolewa. Kwa hiyo hakuingia katika ushairi huu kwa hasira tupu. Alijua historia ya picha anayoikana.

Jina la diwani nalo lina maana yake. Shahrazadi ni yule msimulizi wa Alfu Lela Ulela, binti wa waziri aliyejikomboa yeye na wanawake wenziwe kwa kumsimulia mfalme kisa juu ya kisa mpaka alfajiri. Kahf anamtoa kwenye kasri, anamhamishia Marekani na kumpa kompyuta. Msomaji wa mwambao, aliyelelewa na hadithi hizo, hana haja ya kufafanuliwa utani huo.

Yamo katika diwani mashairi mafupi yenye anwani ya Hijab Scene, yaani onyesho la hijabu, kila moja na nambari yake kama sehemu za mchezo wa jukwaani. Katika la kwanza, mvulana wa shule mwenye nywele za buluu na pete ulimini anamwambia msichana mgeni mwenye ushungi kwamba mavazi yake ni ya ajabu. Shairi linaishia hapo hapo, na kicheko kinamtoka msomaji bila ya kulazimishwa. Katika la pili, mwanamke anawasikitikia Waislamu kwa kuwabana wanawake wao kwa mavazi, kisha anajikongoja juu ya viatu vya mchuchumio kwenda kumaliza siku ya kibarua chake cha ofisini. La saba ndilo mashuhuri kuliko yote. Humo msemaji anajibu maswali ambayo hatuyasikii yakiulizwa: la, yeye si kipara, la, hatoki katika ile nchi ambayo wanawake hawaendeshi gari, la, hataki kukimbilia Marekani, kwani Mmarekani ni yeye tayari. Kisha anauliza ni kipi kingine kinachotakiwa ili akubaliwe kufungua akaunti benki au kukata tikiti ya ndege. Mwishoni anaichezea hofu ya mabomu: silaha aliyonayo ni maneno.

Ni shairi la kusomwa kwa sauti mbele ya watu, na linapigiwa makofi. Hata hivyo tulisome tena kwa utulivu. Kila mstari wake umekatwa kwa kipimo cha swali la mtu mwingine. Ukiyaondoa maswali, shairi halisimami. Ile ‘nchi’ ya magari imekwisha kubadilika, kwani Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake kuendesha gari mwaka 2018, na tayari mstari ule umeanza kuhitaji maelezo. Hilo ndilo tatizo la kumjibu mjinga: jibu hurithi umri wa ujinga wake.

Hapa sisi wa mwambao tuna la kusema, kwa kuwa majibizano ni fani tuliyoizoea. Malenga wa Mvita akimtumia shairi malenga wa Lamu, anayejibu huokota vina vya mwenzake, humpima, humzidi kama anaweza, naye hujua kwamba jibu la jibu liko njiani. Wanalumbana watu wa daraja moja. Anayemuuliza Kahf si malenga, wala hangojei jibu. Amesimama nyuma ya dirisha la benki. Mshairi anatumia ufundi mwingi kumshinda mtu ambaye hakujua kuwa yumo katika mashindano, na ushindi wa namna hiyo unatupa furaha ya dakika chache.

Lile shairi la viatu vya mchuchumio ndilo linalonikera zaidi. Hoja yake naikubali: kila jamii humfunga mwanamke kwa nguo, na isiyoona kamba yake huona ya jirani. Lakini yule mwanamke wa ofisini, mwenye mshahara mdogo na miguu inayouma, amefanyiwa vile vile alivyofanyiwa mwenye ushungi. Ametazamwa kutoka nje, vazi lake likafanywa ndilo maisha yake. Mshairi aliyelitungia kitabu kizima kosa hili hakustahiki kulirudia, hata kwa utani.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kuyaogopa majibu. Mjadala huu huko Magharibi umejengwa juu ya neno moja, hiari. Anayeshutumu husema: umelazimishwa. Anayeshutumiwa hujibu: nimechagua mwenyewe. Wote wawili wamekubaliana kimya kimya kwamba vazi halina haki ya kuwapo mpaka lionyeshe cheti cha uchaguzi. Wala cheti chenyewe hakisaidii kitu. Mwaka 1989, katika mji wa Creil kaskazini ya Paris, wasichana watatu walizuiliwa shule kwa kukataa kuvua ushungi darasani, na hapo Ufaransa ikaanza mabishano ambayo hayajaisha. Sheria ya Machi 2004 ilipiga marufuku katika shule za serikali alama za dini zinazoonekana waziwazi. Sheria ya Oktoba 2010 ilikataza kufunika uso hadharani, na faini yake ikawekwa hadi yuro 150. Mwanamke mmoja aliyepeleka kesi mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu alieleza kwamba hakulazimishwa na mume wala na mtu mwingine yeyote. Mwaka 2014 mahakama ikaiunga mkono serikali kwa hoja ya haja ya watu ‘kuishi pamoja’. Mwaka 2023 ikaja zamu ya abaya kukatazwa shuleni. Basi yule aliyesema ‘nimechagua’ alisikilizwa mpaka mwisho, kisha akaambiwa kuwa uchaguzi wake si ule uliokusudiwa.

Tusijifanye kwamba dola za Magharibi ndizo pekee zenye mkono katika kabati la mwanamke. Mwanamke aliyezaliwa Tehran mwaka 1920 aliamriwa na Reza Shah kuvua alipokuwa msichana wa miaka 16, na baada ya mapinduzi ya 1979 akaamriwa kuvaa akiwa na umri wa bibi. Septemba 2022 Mahsa Amini, kijana wa miaka 22, alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili katika mji huo huo, na wanawake wakaingia barabarani wakichoma shungi zao moto. Anayewaunga mkono wasichana wa Creil akawanyamazia wale wa Tehran, au kinyume chake, ana mapenzi na kitambaa zaidi kuliko na aliyemo ndani yake.

Historia yetu wenyewe inaonyesha jinsi neno hiari lisivyotosha. Kabla ya utumwa kufutwa na sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama alivyojifunika bibi yake muungwana. Walipokuwa huru, wengi walilitangaza hilo kwa nguo: kwa kanga, na baadaye kwa buibui, lililoenea mjini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke yule alipolitanda buibui mara ya kwanza na kupita njia ya sokoni, alikuwa akitii ada ya mji uliomdhulumu, na papo hapo alikuwa akichukua alichonyimwa. Umuulize kama amelazimishwa au amechagua, huenda asijue aanzie wapi kukujibu.

Ushairi una nafasi ya kukaa mahali kama hapo, pasipo na ndiyo wala la, na Kahf anapokaa hapo huwa hodari kweli. Shairi lake bora halina ushungi katika anwani. Linamhusu bibi yake, mzee wa Kisyria, aliyeingia msalani katika duka la Sears, ambalo enzi zile lilikuwa duka kubwa la heshima kwa familia za Marekani, akapandisha mguu kwenye sinki la kunawia ili atie udhu. Wanawake wenye adabu zao wanakunja nyuso: hilo ni sinki, na ule ni mguu. Bibi naye anashangaa. Kwao ametawadha kwenye vyombo vya thamani kuliko hivyo, na kama kuna wa kuogopa uchafu, ni yeye na miguu yake. Kati yao amesimama mjukuu, ameshika mlango, anajua lugha zote mbili na hafasiri yote anayoyasikia. Anatabasamu huku na anatabasamu kule. Mwisho wote wanatoka na kupotelea dukani kwenye bidhaa zilizopunguzwa bei, na huko hawatofautiani hata kidogo.

Hakuna aliyeshinda humo, wala hakuna aliyejieleza. Msomaji anaona taratibu mbili za usafi na heshima zikikutana juu ya sinki moja, kila moja imekamilika machoni pa mwenyewe. Wanawake wa Sears hawakufanywa vikaragosi kama yule wa viatu vya mchuchumio. Wana haki ya kushtuka. Kuhusu stara, shairi hili linasema mengi kuliko maonyesho ya hijabu yote yakikusanywa.

Ndivyo alivyofanya Shahrazadi wa asili. Mfalme alikuwa na upanga, na binti waziri hakumwambia neno moja la kujitetea. Alimsimulia habari za wavuvi, majini na wafanyabiashara.

Riwaya ya Kahf ya mwaka 2006, The Girl in the Tangerine Scarf, inathibitisha kwamba mwenyewe aliifahamu njia hii. Khadra, msichana wa Kisyria anayekulia Indiana, anavaa ushungi, anaubadili, unamteleza kichwani siku moja kwenye bustani ya miti ya cheri nchini Syria naye anauacha uteleze, kisha anaurudia ndege inapokaribia Marekani, kwa kuwa anataka wamwone akiingia na alama ya kwao. Akiwa Makka kwa hija, anatoka peke yake alfajiri kwenda msikitini na anarudishwa nyumbani na polisi. Riwaya haituambii ni Khadra yupi aliye sahihi. Ina kurasa zake nzito, na mabishano ya vijana wa jumuiya ya Waislamu yangeweza kupunguzwa bila hasara, lakini kile kitambaa cha rangi ya chungwa kina maisha.

Anayetaka kuyaleta mashairi haya katika Kiswahili atakuta hayana vina wala mizani, jambo ambalo bado linawatia tumbo joto baadhi yetu. Lile la Sears litastahimili, kwa sababu linakwenda kwa kisa, na kwa sababu Kiswahili kina kitu ambacho Kiingereza cha Kahf hakina: kinatenganisha haya na aibu. Bibi ana haya, wenye duka wanaona aibu, na mjukuu anazijua zote mbili. Ningemshauri mfasiri aanze na hilo, na onyesho la hijabu la saba aliache mpaka mwisho.