Katuni Nzuri Inapododa

Mafundi wa katuni hufanya kazi isiyojua haraka, kisha huipeleka kwenye soko lisilojua kusubiri. Kwa hiyo nikisikia kwamba filamu fulani ya katuni imedoda, siulizi kwanza kama ni mbaya. Nauliza ilitoka wiki gani, nani alipata habari zake, na tiketi zilikuwa zikikatwa wapi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huitazama bila kuiona. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Anayechora kwa mkono mara nyingi huchora 12, kila mchoro ukapigwa picha mara mbili, na jicho letu likaridhika. Ukiona mtoto wa kwenye katuni anainuka kitini, jua kuna mtu alikaa mezani akaamua mgongo uiname kiasi gani kabla ya magoti kunyooka, kichwa kitangulie au kifuate, na nywele zichelewe kwa muda gani kutulia mwili ukishasimama. Huko kuchelewa kwa nywele ndiko kunakotufanya tuamini kwamba mwili ule una uzito. Mwigizaji wa kawaida uzito wake amezaliwa nao; wa katuni hupewa na penseli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Iron Giant ya Brad Bird, iliyotoka Marekani Agosti 1999. Ni kisa cha mvulana aitwaye Hogarth na jitu la chuma lililoanguka kutoka angani mwaka 1957, wakati watu wanaishi kwa hofu ya bomu la nyuklia. Mvulana amechorwa kwa mkono, jitu limetengenezwa kwa kompyuta. Sasa, mistari ya kompyuta ilinyooka mno. Ingeachwa vile, jitu na mvulana wangeonekana kama wametoka katika filamu mbili tofauti. Mafundi wakatengeneza programu ya kuitikisa mistari ile kidogo tu, ifanane na mstari wa mtu mwenye penseli mkononi. Hakuna mtazamaji atakayeona mtikisiko huo, lakini usingekuwapo angehisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Tazama pia uso wa jitu lile. Halina nyusi wala mashavu. Lina taya, na macho yenye vifuniko vya chuma vinavyofunguka na kujifunga. Kwa vitu hivyo na mwinamo wa kichwa, wachoraji waliweza kulionyesha likishangaa, likiogopa, na, pale msituni mbele ya kulungu aliyepigwa risasi, likikutana na kifo kwa mara ya kwanza. Nimeona watu wazima wakifuta machozi kwa ajili ya vifuniko vile vya chuma.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 50. Katika kumbi za Marekani iliingiza kama milioni 23. Wikiendi ya kwanza ilishika nafasi ya tisa. Warner Bros. walikuwa wameumia mwaka uliotangulia kwa katuni nyingine, Quest for Camelot, na hii wakaiendea kwa woga: matangazo yalikuwa machache na yalichelewa. Siku ileile ilipotoka, The Sixth Sense nayo ilitoka, na watu wakapanga foleni upande huo. Ikumbukwe pia kwamba katika kila tiketi karibu nusu hubaki kwa mwenye ukumbi, na fedha za matangazo huhesabiwa nje ya zile za utengenezaji. Filamu ikiingiza kiasi kilekile ilichogharimu, bado ina hasara kubwa. The Iron Giant haikufika hata hapo. Ilikuja kupendwa baadaye, majumbani, kwa kanda za video na televisheni, na waliokuwa watoto wakati ule ndio leo wanaoitaja kati ya katuni bora za zama zao.

Si jambo jipya hilo. Pinocchio ilitoka Februari 1940 na haikurudisha gharama zake, kwa sababu Ulaya ilikuwa vitani na soko la huko lilikuwa limefungwa. Encanto nayo iliingia katika kumbi Novemba 2021, familia nyingi zikiwa bado zinaogopa UVIKO. Ikaingiza takriban dola milioni 256, pato dogo kwa filamu yenye gharama kubwa kama yake. Mwezi mmoja baadaye ilipelekwa kwenye Disney+, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, watoto wakaitazama mchana na usiku, na wimbo wake mmoja ukapanda hadi namba moja Marekani. Filamu ilikuwa ileile. Ila safari hii iliwafuata watoto sebuleni.

Hesabu hii naielewa vizuri zaidi nikiwa hapa Kagarama, jijini Kigali, kuliko nikisoma takwimu za Marekani. Mchukue mama mmoja wa mtaani kwetu mwenye watoto watatu, anayetaka kuwapeleka kuona katuni mpya kwenye ukumbi wa sinema wa Kigali City Tower, mjini. Pikipiki za Kigali hubeba abiria mmoja tu, aliyevaa helmeti, kwa hiyo huo si usafiri wa familia. Atapanda basi la mjini, au alipe teksi. Akifika atakata tiketi nne, kwa sababu katuni haitazamwi na mtu mmoja. Kuna bisi, kuna soda, kuna mdogo atakayetaka kwenda msalani hadithi ikiwa imekolea. Kijana anayekwenda kuona filamu ya mapigano hutoa uamuzi wa mtu mmoja. Mama huyu hutoa uamuzi wa watu wanne, na mwisho wa mwezi akiamua kuahirisha, dirisha la tiketi limepoteza wateja wanne kwa mpigo.

Ulipofunguliwa ukumbi wa sinema wa CanalOlympia kule Rebero, hapahapa wilayani Kicukiro, nilifurahi, kwa kuwa umbali ulipungua. Lakini umbali ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni lugha. Mtoto wa miaka sita wa Kagarama nyumbani anaongea Kinyarwanda. Filamu inazungumza Kiingereza, na hata kama maandishi yangewekwa chini ya picha, yeye hajajua kuyasoma kwa kasi hiyo. Atacheka mtu akianguka. Utani na siri vitampita, na pale moyo wa hadithi unapofunguka yeye atakuwa anacheza na pakiti ya bisi.

Ndiyo maana namheshimu sana msobanuzi. Hapa Rwanda filamu zake tunaziita agasobanuye: filamu ya nje ambayo mtu mmoja ameiwekea sauti yake juu ya sauti ya asili, akieleza, akitania, akigeuka mzee na mtoto kwa pumzi moja. Hayati Nkusi Thomas, tuliyemjua kwa jina la Yanga, alilea kizazi kizima kwa sauti hiyo, na Rocky Kirabiranya na Junior Giti wamejijengea majina kwa kazi ileile. Kampala wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, na waliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam hawatamsahau Lufufu. Msobanuzi ni fundi wa pili juu ya kazi ya fundi wa kwanza. Lazima ajue pale pa kunyamaza ili picha iseme yenyewe, na wasobanuzi wazuri wanapajua.

Jirani na kwangu kuna kibanda cha simu chenye kompyuta moja ya kunakilia filamu. Siku moja alikuja mtoto wa kike na flashi iliyofungwa kwa uzi shingoni, akataka katuni. Muuzaji akamtajia moja, akamtajia nyingine. Mtoto hakuuliza ni ya kampuni gani wala imeshinda tuzo gani. Aliuliza hivi tu: “Kaka, imesobanuliwa?” Alipoambiwa ndiyo, akavua flashi shingoni. Jioni ile filamu hiyo ilitazamwa na nyumba nzima, na pengine na majirani. Hakuna hata faranga moja ya kitendo hicho itakayoingia katika mapato ya filamu, wala kumfikia aliyechora. Hilo ni kosa na silitetei. Lakini anayesema filamu haikupata watazamaji Kigali kwa kuwa tiketi hazikuuzwa, naye amekosea.

Kinachonisikitisha zaidi ni kazi za watu wetu wenyewe. Mwaka 2023 zilitoka filamu kumi fupi za katuni chini ya jina Kizazi Moto. Zilisimamiwa na Triggerfish ya Cape Town, na miongoni mwa waongozaji walikuwamo Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya. Jina ni la Kiswahili, baadhi ya waongozaji ni majirani zetu, na michoro yake inastahili ukuta mzima wa ukumbi wa sinema. Zilitolewa kwenye Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa Uganda, Kenya, Tanzania wala hapa Rwanda. Mtoto wa Kampala hakuwa na mahali halali pa kulipia ili amwone mchunga ng'ombe wa filamu ya Malinga. Hapo huwezi hata kusema kazi ilidoda, kwa sababu haikuwahi kupangwa sokoni.

Sidai kwamba kila katuni iliyododa ilionewa. Nyingine ni mbovu, na watoto huzitambua kabla yetu. Ila iliyo nzuri ikishindwa, ukichunguza utakuta kati ya mchoro na mtoto palikosekana kitu kimoja cha kawaida: basi la kurudi nyumbani, tangazo lililofika mapema, au sauti inayoeleweka. Vyote hivyo haviko mikononi mwa mchoraji. Yeye alimaliza sehemu yake zamani, bega kwa bega na wenzake mia kadhaa, na hawezi tena kubadili lolote.

Ombi langu ni kwa wenye kumbi na wasambazaji. Mnaponunua haki ya kuonyesha katuni, nunueni pia haki ya kuiwekea sauti za Kinyarwanda na Kiswahili. Muwape kazi hiyo wasobanuzi kwa mkataba na malipo, majina yao yakiandikwa kwenye bango. Wekeni onyesho la Jumamosi alasiri, na bei moja kwa familia. Na wewe mzazi, ikifika ukumbini katuni iliyotengenezwa vizuri, wapeleke watoto wiki ya kwanza kama mfuko unaruhusu, kwa sababu hiyo ndiyo wiki wanayoihesabu wenye kumbi na wasambazaji.