Kivuli cha Sungura: Namna ya Kuipima Filamu ya Watu na Katuni

Mnunuzi wa kahawa akifika kwetu Itaka hataji bei kabla ya kuzitia punje kiganjani. Atazigeuza juani, atazinusa, moja ataivunja kwa jino. Filamu inayochanganya watu na katuni nayo itazamwe hivyohivyo. Kicheko cha banda zima la video si kipimo; banda hucheka hata kwa kazi mbovu.

Nachukua mfano wa Who Framed Roger Rabbit ya Robert Zemeckis, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 22 Juni 1988. Steringi ni mpelelezi Eddie Valiant, ameigizwa na Mwingereza Bob Hoskins, na anayemng'ang'ania ni Roger, sungura wa kuchorwa.

Kwanza, mwache sungura, mtazame mtu. Siku ya kupiga picha sungura hakuwepo. Wachoraji walimtia baadaye, kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, wakiongozwa na Richard Williams. Hoskins alikuwa anaikaba hewa. Kwa hiyo angalia macho yake yanatua wapi. Mwigizaji dhaifu huonekana anatazama ukuta ulio nyuma ya katuni. Ya Hoskins yanaishia palepale pua ya sungura ilipo. Charles Fleischer, mwenye sauti ya Roger, alisimama pembeni ya kamera akijibu maneno, tena amevaa nguo za sungura. Kichekesho, lakini kilimsaidia mwenzake.

Kisha tafuta uzito. Pengwini wahudumu wa klabu ya usiku ni wa kuchorwa, sinia walizobeba ni za kweli, zilishikiliwa kwa vijiti kutoka chini ya sakafu. Sungura akifichwa kwenye beseni la vyombo, maji anayoyatema ni maji hasa. Katuni isiyosogeza kitu chochote chumbani ni stika iliyobandikwa kwenye kioo cha basi.

Watu wengi husifu pale bata Donald na Daffy wanaposhindana kwenye piano, kwa sababu ni wahusika wa kampuni mbili hasimu. Sawa, lakini mimi naiona ni kazi ya mawakili wa mikataba kuliko ya wachoraji.

Fundi utamjua kwenye kivuli. Kuna chumba cha nyuma ya baa, Eddie anahangaika kuikata pingu iliyomfunga pamoja na Roger. Kichwa chake kinaigonga taa inayoning'inia, nayo inaanza kubembea. Kuanzia hapo mwanga unakwenda na kurudi, na kila unapopita, upande mmoja wa sungura unang'aa na mwingine unaingia gizani, kivuli chake kinarefuka ukutani kisha kinajikunja. Yote hayo ilibidi yachorwe upya kwa kila picha. Taa ingetulia, nani angelalamika? Hakuna. Waligonga taa kwa hiari yao, na mpaka leo wachoraji wa Disney wana msemo wa kugonga taa, maana yake kufanya kazi ya ziada ambayo huenda mtazamaji asiigundue.

Kamera nayo usiisahau: filamu nyingi za zamani za aina hii ziliituliza kila katuni ilipotokea, maana kuchora juu ya picha inayotembea ni adhabu. Zemeckis aliiacha itembee.

Sasa, vibanda vyetu. Nakala ya kwenye flashi mara nyingi ina giza, na picha huvutwa ijaze skrini mpaka nyuso zinapanuka. Katika hali hiyo kivuli hakipo, na ukisema filamu ni ya kawaida utakuwa umepima kahawa iliyolowa mvua. Tena tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wa filamu, tumezoea sauti ya mtafsiri ijaze kila pengo, jambo ninalolipenda, isipokuwa pale kwenye taa.

Juni 2028 filamu hii itatimiza miaka 40, msimu wa kuchuma kahawa, jioni zenye baridi. Mwenye banda wa Itaka, ukiiweka, tafuta nakala safi, ziba matundu ya bati, na umwombe mtafsiri anyamaze dakika mbili taa inapobembea.