Adili Anapopanda Jukwaani

Aliyesoma Adili na Nduguze shuleni hakati tiketi ili ajue hadithi inaishaje. Anajua kwamba wale manyani wawili ni ndugu wa damu, anajua walichomfanyia Adili baharini, anajua mfalme Rai atawaombea msamaha kwa jini Huria aliyewageuza. Anachokifuata ukumbini ni ile raha aliyoipata akisoma. Na raha ya kitabu hicho cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, haitoki kwenye matukio peke yake, maana kisa chenyewe kina asili yake katika Alfu Lela U Lela. Inatoka kwenye sauti inayosimulia: sauti ya mtu mzima mwenye adabu, asiye na haraka, anayepima kila sentensi kwa mwenzake, anayekemea na kuhurumia katika pumzi moja.

Jukwaani sauti hiyo haina mdomo. Adili anao wake, nduguze Hasidi na Mhoni wana yao, msimulizi hana. Basi anayetaka kupima ubora wa riwaya ya ajabu iliyogeuzwa mchezo wa nyimbo aanzie hapo: sauti ya msimulizi wamempa nani? Akishapata jibu, hesabu ya taa, maleba na wacheza ngoma itakuwa nyepesi.

Jibu la kivivu ni mzee wa kanzu na bakora anayewekwa pembeni ya jukwaa asome aya za kitabu kati ya onyesho na onyesho. Mwanzoni anapewa heshima yake; baada ya muda hadhira inamsubiri amalize ili mchezo uendelee. Jibu bora limo ndani ya nyimbo, na sisi wa Arusha tuna njia mbili za kulifikia ambazo miji mingi ingezitamani.

Ya kwanza ni uimbaji wa Kimaa, wa Wamasai na Waarusha. Olaranyani anatangulia na mstari wake, kundi linamjibu, na chini yao wapo wanaotoa mivumo mizito ya koo isiyo na maneno, bila ngoma hata moja. Huyo kiongozi ni msimulizi tayari. Anaeleza, anasifu, anasuta, anaruka miaka kumi kwa mstari mmoja, na hakuna anayemwona kama mtu aliyeusimamisha wimbo ili atoe maelezo. Ya pili ni kwaya za sharika kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Ilboru hadi Nkoaranga, ambako mtoto anajua kama yeye ni wa sauti ya pili au ya tatu kabla hajazoea kusoma. Kwaya hizo zimeimba visa vizima tangu zamani: Danieli, Mwana Mpotevu, Yusufu na ndugu zake. Aliyelelewa kwenye wimbo wa Yusufu hahitaji kufundishwa wivu wa Hasidi. Na pale Usa River, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki hadi shahada. Kwa hiyo mchezo wa namna hii ukija mjini kwetu na kwaya dhaifu, tusiuonee huruma.

Ukishakaa, sikiliza wimbo wa kwanza na uuondoe kichwani mwako. Hadithi imefika palepale bila wimbo huo? Basi ulikuwa pambo. Kosa hili ndilo nililolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: waigizaji wanazungumza, jambo linatokea na kwisha, halafu wanajipanga mstari mmoja, wanatazama mbele na kuimba kile ambacho tumekwisha kukiona. Shaaban Robert huvuka safari nzima ya bahari kwa sentensi chache. Kazi hiyo ya kuvusha ndiyo inayostahili kupewa wimbo. Chombo king'oe nanga kwenye ubeti wa kwanza, na ubeti wa mwisho utukute tumeshafika Mji wa Mawe, ambako watu wamegeuka mawe, tena wivu wa wale ndugu wawili umekwisha kuiva njiani.

Kipimo kinachofuata kinahitaji sikio la Kiswahili, na ndicho ninachokipenda zaidi. Maneno yetu huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Taja jina la Adili: uzito uko kwenye «di». Tuni ikiipa «A» noti ndefu ya juu, au ikamwangushia mwimbaji uzito wote kwenye «li», ujue tuni ilitungwa kwa lugha nyingine au ilitungwa kwanza, maneno yakashindiliwa baadaye. Tunalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu wengi tumekua na kitabu cha nyimbo Mwimbieni Bwana mkononi, na baadhi ya tuni zake zilisafiri kutoka Ujerumani na mkazo wake wa Kijerumani. Tumezizoea na tunazipenda, lakini mazoea ya ibada hayahalalishi mkazo uliopinda katika kazi mpya. Hapahapa Makumira, mwalimu Howard Olson aliwahi kukusanya nyimbo za ibada zenye tuni za nyumbani katika Tumshangilie Mungu, na anayeziimba hasikii maneno yakivutwa kwa nguvu. Mtunzi wa mchezo wa Adili angefanya vyema kukaa na kitabu hicho wiki nzima kabla hajagusa kinanda.

Sasa tuje kwenye onyesho ambalo mimi hulitumia kama mizani, lile la usiku. Ikibali, mjumbe wa mfalme aliyefuata kodi, anamwona Adili kwa siri akiwachapa manyani wawili, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Hajui kwa nini, na msomaji wa mara ya kwanza hajui pia. Kitabuni, msimulizi anatushika mkono: anatuacha tushangae bila kuogopa kwamba tumeingia katika nyumba ya katili. Jukwaani mkono huo usipokuwepo, Adili ni mkatili tu, na mchezo umeharibika kabla haujafika katikati.

Namna mbaya ya kulifanya onyesho hili ni kuwavika vijana wawili manyoya na mikia, taa nyekundu, kisha manyani waimbe wimbo wa majonzi kueleza kwamba zamani walikuwa watu. Siri imetoka, Ikibali hana tena cha kupeleka kwa mfalme, na mtoto wa safu ya mbele anacheka mikia. Ningependa manyani wasiimbe neno lolote. Kiboko kisiguse mwili. Kila pigo lisikike kwenye nyayo za kwaya nzima zikikanyaga sakafu, zito, kwa mwendo usiobadilika. Juu yake Adili aimbe tuni ya polepole ya kubembeleza, ile ambayo baadaye ataiimba akiwalisha. Hapo sikio linapokea mambo mawili yasiyopatana, adhabu chini na upendo juu, na hadhira inaelewa kabla ya kuelezwa kwamba mtu huyu anatii amri iliyo nje ya moyo wake. Hiyo ndiyo sauti ya Shaaban Robert, ikikemea na kuhurumia kwa pamoja, nayo imepata mahali pa kukaa bila msimulizi kuonekana.

Kuhusu maleba ya manyani, Julie Taymor alitoa funzo mwaka 1997 alipoipandisha The Lion King jukwaani New York: hakumficha mwigizaji ndani ya mnyama. Kinyago kinakaa juu ya kichwa, uso wa mtu unaonekana chini yake, na mtazamaji anavisoma vyote viwili. Kwa Hasidi na Mhoni, ambao kweli ni watu ndani ya manyani, funzo hilo linafaa kuliko linavyowafaa simba. Na miujiza mingine ishukiwe inapokuja kwenye skrini. Kumbi zetu kubwa, Simba pale AICC ikiwemo, zilijengwa kwa ajili ya mikutano, na ni rahisi mwongozaji kutegemea picha za kurusha ukutani. Mji wa Mawe ukichorwa kwa kompyuta nyuma ya waigizaji, tunatazama picha. Ukitengenezwa na watu thelathini waliosimama bila kupepesa huku mivumo ya koo ikipungua mmoja baada ya mwingine hadi abaki msichana Mwelekevu peke yake akipumua, tumeingia mjini naye.

Mwelekevu mwenyewe ni kipimo cha ujasiri. Kuongeza jambo ambalo halimo kitabuni si dhambi. Wicked, mchezo wa muziki wa mwaka 2003, uliiacha riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995 mahali pakubwa: kitabuni mchawi Elphaba anakufa, jukwaani anaokoka. Ninachouliza ni kama nyongeza imeota kutoka kwenye mbegu iliyomo. Msichana aliyebaki hai katika mji wa watu waliogeuka mawe lazima alikuwa na usiku mwingi ambao kitabu hakikuusimulia. Nafasi hiyo ni halali, na mtunzi asiyempa Mwelekevu wimbo mkubwa ameikanyaga lulu. Lakini akimleta mjomba mchekeshaji asiyejulikana alikotoka, kwa kuwa watu wanapenda kucheka, huo ni uoga wa kuiamini hadithi.

Kukata nako kunahitaji moyo. The Lord of the Rings ilipopandishwa Toronto mwaka 2006 ilijaribu kubeba vitabu vitatu kwa takriban saa tatu na nusu, na haikumaliza mwaka. Sisi tuna mtego wa namna hiyo katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951 juu ya nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo. Mwongozaji mwenye huruma isiyo na mpango atampa kila mjumbe dakika zilezile na wimbo uleule wa kuondoka, na kufika wa nne hadhira inahesabu waliobaki. Afadhali mjumbe mmoja apewe onyesho zima, wawili wapitishwe ndani ya wimbo mmoja, na wengine watajwe na kiongozi wa kundi kwa majina na adhabu walizopata. Ile kesi yenyewe ingeweza kuchezwa kwa ngonjera. Watoto wetu wameisoma na kuighani ngonjera tangu Mathias Mnyampala aliposaidia kuieneza, na majibizano ya mshitaki na mshitakiwa kwa vina ni kitu ambacho mwanafunzi wa Ngarenaro au Tengeru anakifuata bila kusukumwa.

Wapo watakaosema riwaya ziachwe vitabuni. Ningewakumbusha kwamba Amandina Lihamba aliichukua hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali akaipa maisha ya jukwaani kwa Kiswahili katika Hawala ya Fedha, iliyochapishwa 1980, na kwamba Emmanuel Mbogo aliitoa simulizi ya Ng'wanamalundi kwenye vinywa vya Wasukuma akaandika Ngoma ya Ng'wanamalundi mwaka 1988. Njia imeshafyekwa.

Mambo ya ukumbi niyataje kwa ufupi. Kaa katikati, nyuma kidogo, usikae karibu na spika. Kama unakosa maneno ya beti, na si wewe peke yako, kosa ni la fundi mitambo au la mwalimu wa kwaya aliyesahau konsonanti. Vyovyote vile onyesho limepungukiwa, kwa sababu hapa maneno ndiyo mali yenyewe. Katika miezi ya masika uliza kama paa ni la bati. Watazame pia wasioimba: kwaya inayomsikiliza Adili anapoimba peke yake inatueleza namna ya kumsikiliza, na kwaya inayorekebisha vilemba vyake inatuambia wimbo huo hauna maana.

Kisha subiri mwisho, Hasidi na Mhoni wanaporudishiwa ubinadamu. Kama walinyamaza usiku kucha kama nilivyoshauri, sauti zao tunazisikia kwa mara ya kwanza tangu laana. Waimbe nini? Mtunzi wa kawaida atawapa wimbo wa furaha na kuita wacheza ngoma wote. Mtunzi aliyekisoma kitabu kwa makini atawapa ile tuni ya kubembeleza ya Adili, waianze kwa shida, mmoja akikosea noti, na Adili awaingize kwenye mstari.