Ukingo Unaojua Katikati

Msusi wa vikapu vya akamwani, kahawa ya kutafuna, huko Bukoba huanzia katikati. Huzungusha duru juu ya duru, na ukingo humjia mwisho. Kuna fundi mwingine afanyaye kinyume: hupewa ukingo peke yake, kisha akadaiwa kikapu kizima.

Huyo ni mwanahisabati wa namba changamano, zile zenye i, ambapo i mara i ni −1. Kila nukta ya ukingo wa duara imeshapewa thamani, bila mruko popote. Anaulizwa: je, ndani panajazika kwa funksheni holomofiki, yaani ile ambayo kila mahali huandikika kwa vipeo vya namba z ya mahali hapo, nayo ikafika ukingoni bila kubadili kitu?

Mwaka 1831, akiwa uhamishoni Turin, Mfaransa Cauchy alionyesha kuwa funksheni ya namna hiyo ukishaijua ukingoni, umeijua ndani kote. Fomula yake ni mstari mmoja tu. Lakini ina ukarimu wa hatari: hutoa jibu kwa ukingo wowote, hata ule usio na ndani yake.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Chukua kivuli cha z, yaani namba ileile i ikigeuzwa −i, iliyopinduliwa kama kisiwa cha Musira, ziwani karibu na Bukoba, kinavyopinduka kwenye maji tulivu ya asubuhi. Ukingoni mwa duara lenye nusukipenyo 1, kivuli hicho ni 1/z. Ukikitazama huoni kasoro. Fomula ya Cauchy inakijazia sifuri tupu! Fundi habishani; anajumlisha thamani zake ukingo mzima, kila moja ikizidishwa kwa hatua yake ndogo, kama mtumbwi unaozunguka kisiwa hadi ulikoanzia. Kingekuwa na ndani ya kweli, jumla ingekuwa sifuri. Inatoka 2πi. Na kufaulu mara moja hakutoshi: jaribio hurudiwa baada ya kuzidisha kwa z, kwa z², bila kikomo. Zikitoka sifuri zote, kikapu kipo.

Musira ina jambo jingine. Kwa kigeu kimoja, yaani z peke yake, kisiwa huweza kuficha kitu: 1/z ni safi kwenye maji yote yanayokizunguka, ila katikati yake inapasuka. Mwaka 1906 Mjerumani Hartogs alionyesha kwamba vigeu vikiwa viwili au zaidi, maficho hayo hayapo. Kilicho holomofiki pande zote za kisiwa huenea hadi juu yake. (Kwa vigeu viwili, ziwa hilo lina vipimo vinne. Jicho haliwezi kuliona, penseli inaweza.)

Tukirudi kwenye duara, mwenye karatasi ajaribu sehemu halisi ya z, inayopanda na kushuka taratibu kuzunguka duara. Jaribio la kwanza tu linatoa πi.