Ufagio na Kijitabu: Kazi za Miradi Katika Madarasa Yetu ya Kiswahili

Katika mazoezi ya ualimu ya muhula uliopita tuliketi dawati la nyuma la darasa moja la kidato cha pili, magharibi mwa Uganda, tukimtazama mwalimu mwanafunzi wetu akipokea kazi za miradi. Mada ilikuwa usafi wa mazingira. Vikundi tisa vilipita mbele, kimoja baada ya kingine, na kila kikundi kilileta ufagio. Zilikuwa fagio nzuri za nyasi, zimefungwa kwa ustadi. Kiongozi wa kila kikundi alitamka sentensi tatu alizozikariri: huu ni ufagio, tumetengeneza ufagio, ufagio unaondoa uchafu. Wenzake walipiga makofi, mwalimu akaandika alama, kikundi kingine kikaitwa. Katika vipindi viwili vya dakika arobaini tulisikia Kiswahili cha watu tisa, nao wote walisema maneno yaleyale.

Katika kikundi cha tano alikuwapo kijana mmoja aliyebeba ufagio na kusimama nyuma ya wenzake. Wakati wa mapumziko tulimsalimu. Alitujibu kwa Kiswahili cha mfululizo, bila kusita, akatueleza walivyotafuta nyasi kando ya mto, nani alikataa kuloa miguu, na jinsi mama yake anavyouza mihogo katika makazi ya wakimbizi. Familia yake ilitoka Kongo. Tulipomuuliza kwa nini hakuwa yeye msemaji wa kikundi, alisema: "Banasema Kiswahili yangu iko mubaya." Basi, mtoto pekee katika darasa lile anayeota ndoto kwa Kiswahili ndiye aliyepewa kazi ya kubeba ufagio.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu katika kurasa hizi, na katika semina zetu wenyewe, tumezoea kuusifu ufundishaji kwa njia ya miradi kana kwamba ni dawa ya darasa lenye wanafunzi wa kila aina. Tunawaambia wanachuo wetu kwamba mradi humpa kila mtoto nafasi yake. Tulichokiona hakikuwa hivyo. Yafaa tujiulize kosa liko wapi kabla hatujawatuma wengine mashuleni na maneno yaleyale.

Njia yenyewe si ngeni. William Heard Kilpatrick, mwalimu wa chuo cha ualimu cha Columbia kule New York na mfuasi wa John Dewey, aliandika makala yake maarufu juu ya miradi mwaka 1918. Nguzo ya hoja yake ilikuwa kusudi: mtoto hujifunza anapofanya kwa moyo wote jambo ambalo yeye mwenyewe ana sababu ya kulifanya. Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba au karakana ili kazi na masomo visitengane, lakini wengi waliosoma miaka ile wanakumbuka jembe kuliko somo lililokusudiwa kutoka katika jembe hilo. Kenya, baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, kazi za sanaa na ufundi zilipelekwa shuleni na watoto ambao wazazi wao walizinunua sokoni. Na mtaala mpya wa huko ulipoanza kuenea mwaka 2019, malalamiko yaliyosikika sana ni ya wazazi waliokesha wakifanya kazi za watoto wao. Kwa hiyo ugonjwa huu tunaujua: kitu kinachoonekana kwa macho humeza somo lisiloonekana.

Hapa Uganda mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020. Uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, na ukaleta kazi za miradi pamoja na tathmini inayofanywa na shule yenyewe, ambayo ina asilimia 20 ya alama, asilimia 80 zikibaki kwa mtihani wa taifa. Kundi la kwanza lilifanya mtihani huo mwaka 2024. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye katika shule nyingi yuko peke yake, alijikuta na madarasa mengi, vitabu vichache, na agizo la miradi. Hatumlaumu sana kwa kukimbilia fagio. Ufagio ni rahisi kuhesabu.

Lakini hebu tulitazame darasa lenyewe. Mtoto anayesema Kiganda au Kitooro nyumbani huja na ngeli tayari kichwani. Akisikia mti na miti, kitabu na vitabu, anatambua ndugu wa omuti na ekitabo. Taabu yake ni nyingine, mathalani kuchanganya l na r mpaka kulala na kurara viwe kitu kimoja. Mtoto wa Kiacholi, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hiyo, anaanza mbali zaidi, na anapopewa jedwali la upatanisho wa kisarufi siku ya pili anaona mlima. Mtoto wa Kinubi kutoka Bombo ana maneno mengi ya Kiarabu ambayo Kiswahili pia kinayo. Mtoto wa Kongo ana ufasaha wa kusema lakini anasema batoto na bintu mingi, naye hajawahi kuona Kiswahili chake kimeandikwa. Tena kuna tofauti zisizo za lugha: katika darasa hilohilo la fagio alikuwapo msichana mwenye uoni hafifu ambaye ubao kwake ni ukungu mtupu. Kuwapanga watoto hawa kwa safu za madawati, wanane wanane, kisha kuwaambia "fanyeni mradi", ni kuwaacha wagawane kazi kwa desturi ya uwanjani. Mwenye sauti ataongoza, mwenye nguvu atakata nyasi, na mgeni atabeba.

Sasa tuwapeleke wasomaji upande wa pili wa nchi, karibu na mpaka wa Malaba, ambako mwanachuo wetu mwingine alifanya mazoezi muhula uleule. Huko malori ya kutoka Mombasa hupanga foleni, mengine yakielekea Kampala, mengine Rwanda, Sudani Kusini na Kongo. Mwalimu huyu aliwauliza wanafunzi wake swali moja: dereva anayefika hapa kwa mara ya kwanza anahitaji maneno gani ili asipotee wala asidanganywe? Wakaamua kutengeneza kijitabu. Hilo ndilo kusudi alilolisema Kilpatrick, ingawa mwanachuo mwenyewe hakulitaja, na hatukuwa na haja ya kumtaka alitaje.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanyika. Watoto wa mjini pale, waliokulia katika biashara ya mpakani, walijua kuuliza, maana Kiswahili cha barabarani wanakimudu tangu wakiwa wadogo. Watoto wa bweni waliotoka Kampala hawakujua kuuliza lakini walijua kuandika. Hivyo kila jozi ilikuwa na mdomo na kalamu, na jioni kalamu ilipaswa kumsomea mdomo ilichoandika, mdomo ukasahihisha. Mvulana mwenye kigugumizi alipewa maswali mawili tu, yaleyale, kwa watu sita. Kufikia mtu wa nne, alituambia mwalimu wake, hakuwa akikwama tena katika maswali hayo. Hatusemi kigugumizi kilipona. Tunasema alipata mara sita za kusema jambo lenye msikilizaji anayelingoja jibu lake.

Neno lililozua ugomvi lilikuwa la yule kijana anayemsaidia dereva. Madereva wa Kenya walimwita taniboi, wa Tanzania wakamwita utingo. Darasa liligawanyika, kila upande ukidai neno lake ndilo sahihi. Mwalimu hakutoa hukumu. Aliwarudisha kwa madereva wakaulize nani husema nini na wapi, nao wakaandika maneno yote mawili na mahali yanapotumika. Katika Idara yetu somo hilo tunaliita isimujamii, nasi hulifundisha mwaka wa pili kwa vidokezo vilivyochapwa. Watoto wa miaka kumi na minne walilipata katika foleni ya malori.

Tusiupambe mradi huo kupita kiasi. Wanafunzi watatu hawakufanya lolote ila kupaka rangi jalada. Mwalimu alitumia fedha zake mwenyewe kwa nauli na karatasi. Wazazi kadhaa walikataa binti zao kwenda kwenye maegesho ya malori, na hapo wazazi walikuwa na haki kabisa. Ilibidi wasichana wakawahoji akina mama wauza chakula na mawakala wa forodha, jambo ambalo mwalimu alipaswa kulifikiria tangu siku ya kwanza. Na kijitabu chenyewe, kurasa kumi na mbili za daftari zilizoshonwa kwa uzi, kilikuwa kichafu, chenye mafuta ya chapati na mistari iliyokatwakatwa.

Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Tuliposahihisha kazi hizo mbili kwa fomu ya Idara, kikundi cha ufagio kilipata alama nyingi kuliko kikundi cha kijitabu. Tulidhani tumekosea kujumlisha. Hatukukosea. Fomu yetu ina safu ya unadhifu, safu ya ubunifu wa zao, safu ya ushirikiano wa kikundi na safu ya lugha. Lugha ni safu moja kati ya nne, nayo hupimwa kwa yule anayesimama mbele kusema. Kikundi cha ufagio kilikuwa safi, kibunifu kiasi, na kilishirikiana bila ugomvi. Kikundi cha kijitabu kiligombana wiki nzima kuhusu utingo. Kwa hiyo hatuwezi kumnyoshea kidole yule mwalimu wa magharibi. Alifanya alichofundishwa, akapewa alama kwa kufanya hivyo.

Kipimo tunachokipendekeza ni kifupi. Ikiwa kazi ingeweza kufanyika yote kwa Kiganda au kwa Kiingereza bila kupungukiwa na kitu, huo si mradi wa Kiswahili, hata ukiwa na kichwa cha Kiswahili. Na ikiwa mwanafunzi yeyote angeweza kubaki nyumbani na kazi ikaisha vilevile, mwanafunzi huyo hakupewa mradi. Yule msichana mwenye uoni hafifu hakuhitaji ufagio mwingine. Alihitaji kazi ya kusikiliza, kwa mfano kuwahoji wafagiaji wa soko na kurudi darasani kusimulia walichosema, ambayo angeifanya sawa na mwenzake yeyote, pengine kwa kushinda.

Wenzetu wengine wameshapinga, wakisema mtihani ni asilimia 80 na darasa lina watoto themanini, hivyo hakuna muda wa kumsikiliza kila mmoja. Hoja ya muda tunaiheshimu. Tumeipigia hesabu: watoto themanini, kila mmoja kuulizwa kwa dakika mbili kuhusu alichokifanya, ni dakika 160, yaani vipindi vinne. Kwa mradi mmoja katika muhula, vipindi vinne si vingi kuliko vile vinavyotumika kushangilia fagio. Hoja nyingine, kwamba baadhi ya wazazi bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na wezi, ina uzito zaidi kuliko tunavyopenda kukiri, hasa pande za Kampala. Mtoto anayetumwa kumhoji jirani kwa Kiswahili anaweza kufukuzwa mlangoni. Mwalimu achague watu wa kuhojiwa kwa busara, basi.

Limebaki suala la kijana wa Kongo, nalo hatutaki kulifunika kwa maneno matamu. Kumwambia Kiswahili chake ni kizuri na kumwacha hapo ni kumdanganya, kwa kuwa msahihishaji wa mtihani wa taifa atakata bintu kwa kalamu nyekundu bila kuuliza ametoka wapi. Kumwambia ni kibaya, kama alivyoambiwa, ni uongo mkubwa zaidi. Kuna njia ya tatu, na mradi ungeweza kuifungua. Yeye asimulie, wenzake waandike kama alivyosema, kisha darasa zima ligeuze batoto kuwa watoto na bintu mingi kuwa vitu vingi, neno kwa neno, ubaoni. Wale wasioweza kusema wangepata masimulizi hai ya kuandika. Yeye angeona ngeli za Kiswahili Sanifu zikichomoza kutoka katika maneno ya mdomo wake mwenyewe. Tulimweleza hivyo mwalimu mwanafunzi wetu jioni ile. Alikubali, akauliza alama za kijana zibadilishwe namna gani, nasi tukakosa jibu, kwa sababu fomu ilikuwa yetu.

Mkutano wa Idara umeijadili fomu hiyo mara mbili. Safu ya lugha sasa itachukua nusu ya alama, na itajazwa kwa kila mwanafunzi peke yake baada ya kuulizwa. Mstari mpya unauliza kila mwanafunzi alitumia Kiswahili na nani nje ya kikundi chake. Safu ya unadhifu tulipendekeza ifutwe. Wenzetu walio wengi walikataa, nayo imebaki, ikiwa na alama chache. Walimu wanafunzi wataondoka na fomu hiyo katika mazoezi yajayo, nasi tutakwenda tena kukaa dawati la nyuma, tukianzia shule ileile ya magharibi, ikiwa yule kijana bado yupo.