Nukta Nyekundu Si ya Upinde

Kung'oa vipini vya kulengea na kitundu cha kuchungulia kilichofungwa kwenye ugwe, kisha kuweka kioo cha nukta nyekundu, ni uamuzi mbovu kwa upinde wa kuwindia, na bei ya kioo haiuponyi. Mnaofuatilia video za wawindaji wa Marekani mnaujua mtindo huo: mtu anavuta upinde wa roda (compound), anaitafuta nukta, ikitua nyuma ya bega la mnyama anaachia. Roda zenyewe hazina lawama.

Kioo hiki kinasifiwa kwamba kichwa kikihama kidogo, nukta haihami kwenye shabaha. Kwa bunduki ni kweli, maana kioo na mtutu vimekazwa kwenye chuma kimoja. Upinde hauna mtutu. Kioo kiko kwenye mpini, mkia wa mshale uko kwenye ugwe, na ugwe uko shavuni. Kiganja kikiusokota mpini kwa nyuzi 1 tu, nukta inahama kama sentimita 35 kwenye shabaha iliyo mita 20, ilhali mshale haujageuka kiasi hicho. Mwindaji anairudisha nukta mahali pake, na kwa kufanya hivyo anaupeleka mshale kando. Kipini kilicho sentimita 15 mbele ya mpini, kwa msokoto uleule, kinahama pungufu ya milimita 3. Ukikitazama kupitia kitundu cha ugwe, kosa kwenye shabaha ni sentimita 6 hivi. Tofauti ya makosa hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kupiga pafu na kupiga utumbo.

Halafu mshale hudondoka. Ukienda mita 85 kwa sekunde, hushuka sentimita 27 katika mita 20, na zaidi ya mita nzima katika mita 40. Nukta moja iliyopimwa kwa mita 20 itauacha mshale wa mita 40 karibu nusu mita chini.

Wapo watakaosema nukta huonekana vizuri jioni. Kipini chenye taa ndogo huonekana vilevile, na kitundu kinabaki. Wengine watauliza: mbona wawindaji wa zamani wa jamii za Ikoma, Nata na Ikizu mkoani Mara hawakuwa na kitundu wala kipini? Hawakuwa navyo, lakini jicho lao lilifuata mshale wenyewe, mkono ukirudi palepale usoni kila mara, na walinyemelea hadi karibu kabla ya kuvuta. Sumu ya mti wa msunguti, iliyopakwa mshaleni, ilimaliza kazi. Leo sheria inaikataza, na anayeishi Bunda, jirani na Serengeti, hawindi bila kibali. Ufundi wao wa kulifunga jicho na mshale ndio uliotupwa na kioo hiki.

Ndiyo maana inauma kwamba Olimpiki ya Los Angeles 2028 imeupokea upinde wa roda, na upinde mtupu, usio na kifaa cha kulengea, ambao mzee wa Butiama angeutambua mara moja, umeachwa nje. Katika fainali ya upinde ya wanaume kwenye Olimpiki ya Paris, tarehe 4 Agosti 2024, Kim Woo-jin wa Korea Kusini alimshinda Mmarekani Brady Ellison kwa milimita 4.9 katika mshale wa kuamua kutoka mita 70, bila betri kwenye upinde wowote. Anayetaka kununua kifaa cha kulengea Musoma au kwingineko anunue cha vipini vitatu, vya mita 20, 30 na 40, na kitundu akiache kwenye ugwe.